Fukusi Aliyepanda Kwenye Shilingi

Siku mliyoniaga pale bwaloni, vijana wangu wa kitengo cha picha, mlinipa saa ya ukutani mkaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Saa ilikataa kutembea kabla sijamaliza pilau lenu, lakini ahadi ni deni, na hayo machache ndiyo haya. Vyeo sitavitaja, kwa sababu havikuwa vingi kiasi cha kumchosha msomaji. Mshahara nao mnaujua, maana ndio huo huo mnaoulalamikia. Nitaeleza habari za wadudu, za macho ya watu, na za shilingi moja iliyonihamisha kutoka Handeni kwenda Korogwe bila mimi kuomba uhamisho. Mmekuwa mkiniuliza kwa nini natembea na senti hamsini ya zamani kwenye mkoba wa kamera, na kwa nini kila nikiiweka pembeni ya mdudu nahakikisha sungura yuko juu. Jibu limo humu, ila mtalifikia kwa zamu yake.

Niliajiriwa Uhuru ukiwa bado mchanga, nikitokea kwetu Kabuku na cheti cha darasa la nane nimekikunja mfukoni. Idara ya kilimo pale Handeni ilitaka kijana wa kupiga picha za wadudu waharibifu, ili mkulima amjue adui yake kwa sura. Kwenye usaili Bwana Shamba aliniuliza swali moja tu, kama naogopa nyuki. Nikasema siogopi, nikaandikishwa. Akanipa kamera ambayo Mzungu aliyeondoka aliisahau, au labda aliona haina faida kuibeba, pamoja na kiberiti chenye bungua wa mabua ya mahindi ndani yake. Alitaka mkulima aone meno. Nilipiga kwa bidii sana. Picha ziliposafishwa, kiberiti kilitoka vizuri, hata maandishi ya kiwandani yalisomeka, na bungua alikuwa doa. Bwana Shamba aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba siku tukivamiwa na viberiti atanitafuta.

Ndipo nikapelekwa Korogwe kwa Mzee Ngonyani kujifunza. Baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge, na mkonge ndio uliomzika. Mzee mwenyewe alizaliwa kambini, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapiga picha manamba, wale vibarua wa mkonge, kwa ajili ya vipande vyao vya kazi. Alikuwa na studio nyuma ya soko, Manundu, yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu Korogwe aliyewahi kuyaona. Alikuwa mkali, alikunywa chai ya rangi kutwa, na maswali hakuyapenda. Nilipomwonyesha picha ya kiberiti hakucheka. Aliichomoa lenzi ya kamera yangu, akaigeuza nyuma mbele, akaishikilia kwa mkono mahali pake, akaniamuru nichungulie. Mezani palikuwa na inzi juu ya kipande cha sukari guru. Niliona jicho limejaa vijumba kama sega la nyuki, nikaruka nyuma nikaangusha kiti.

"Sasa umeogopa," Mzee Ngonyani akasema. "Tunaweza kuanza."

Mengi niliyowafundisha ninyi ni yake. Ukimsogelea mdudu kiasi kile, kinachoonekana vizuri ni kipande chembamba kama ukucha. Ukilipata jicho, mguu unaingia ukunguni. Chagua jicho, mguu usamehe. Usihangaike kuzungusha lenzi, sogea wewe mwenyewe, kichwa na kamera pamoja, mbele kidogo, nyuma kidogo, na pumzi uiache ndani. Mdudu wa asubuhi ni mvivu kwa baridi, wa mchana ni mhuni. Ukilazimika kumpata mchana, mtie kwenye chupa, chupa uizamishe kwenye mtungi wa maji wakati unakunywa chai. Akitoka humo atakuwa mpole kama mgeni rasmi anayesubiri chakula. Mwanga usitafute mwingi. Karatasi nyeupe ukiisimamisha upande wa kivuli inatosha. Na usimpige mdudu aliyekufa. Mzee Ngonyani aliamini kwamba maiti wote wana sura moja, na kwamba mkulima huutambua uongo huo upesi kuliko ofisi.

Lenzi ya kugeuza ilinifikisha mahali, lakini kwa wadudu wadogo zaidi nilihitaji vile vipande vya bomba vinavyokaa kati ya lenzi na kamera. Sisi tuliviita mirija. Nikaiomba ofisi iniagizie. Hiyo ilikuwa baada ya Azimio, wakati kila ukuta ulikuwa na mchoro wa bwana mnene anayefyonza jasho la mkulima kwa mrija, na hakuna mkutano ulioisha bila mirija kukatwa. Ofisa wa manunuzi aliniita, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimefikiri vizuri. Taifa zima linakata mirija, mimi naagiza, tena kutoka nje. Nikamweleza kwamba ni ya kumwangalia kupe, si ya kumsaidia. Akasema maelezo hayo niwatunzie watakaoniuliza baada yake, akairarua karatasi yangu, na nadhani alinitendea wema.

Mzee Ngonyani aliposikia alikwenda kwa fundi viatu. Wakakata ngozi laini ya mbuzi, wakaikunjakunja, wakaibandika kwenye vipande viwili vya mbao za sanduku la chai. Ikawa mivukuto midogo kama ya mhunzi: ukiivuta, lenzi inakwenda mbali na mdudu anakua, ukiisukuma, anapungua. Ilinuka mbuzi kila mvua iliponyesha. Nimeitumia mpaka nimestaafu, na hakuna kati yenu ambaye hakuwahi kuikunjia pua.

Kwa mivukuto hiyo nilimpiga kupe aliyeshiba, kwenye sikio la ng'ombe wa Mmasai mmoja karibu na Kabuku. Nilimpiga kwa ajili ya idara ya mifugo, lakini picha ilipitia mezani kwa wakubwa wengine, wakaipenda kwa sababu zao. Wakaomba kama anaweza kupatikana kupe mwenye uso unaoeleweka zaidi. Nikasema huo ndio uso wake. Basi wakamwita mchoraji akamwongezea tai na kofia, wakaandika MNYONYAJI kwa herufi nyekundu. Bango lilipendwa sana. Wafugaji walilikusanyikia, wakalitazama, wakauliza dawa ya josho inakuja lini. Wakaambiwa huyo si kupe wa ng'ombe, ni kupe wa kitabaka. Mmoja wao akafikiri, akauliza huyo wa kitabaka naye anaogeshwa kwa dawa gani. Mkutano ukafungwa kwa wimbo.

Sasa nifike kwenye ghala.

Upande wa Sindeni kulikuwa na kijiji kipya cha ujamaa ambacho jina lake naliacha, maana wajukuu wake wapo na hawana kosa. Tukiite Kijiji cha Mfano, kwa sababu bango la barabarani lilisema hivyo hata kabla ya nyumba kujengwa. Zamani, watu walipokuwa wametawanyika kwenye vitongoji vyao, kila mwanamke aliweka mahindi darini juu ya mafiga. Moshi ulipanda, fukusi wakashuka. Fukusi, kwa wale waliozaliwa mjini, ni kile kidudu cha kahawia chenye mkonga kinachotoboa punje na kuishi humo kama mpangaji asiyelipa. Kijijini mahindi yote yakapelekwa kwenye ghala la pamoja, la matofali na bati, safi kabisa, ambalo mtu hakuruhusiwa hata kuwasha sigara karibu nalo. Ufunguo wakampa Mama Zaina, mjane wa makamo, kwa sababu mkutano mzima haukupata mtu mwingine ambaye wote walimwamini. Aliukataa kwanza. Alisema mahindi hayapendi heshima, yanapenda moshi. Wakampigia makofi, wakamfunga ufunguo kiunoni.

Aliyesimamia mambo yote pale alikuwa Katibu, mtu mwenye sauti nzuri na suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi hata siku za kupalilia. Katibu alikuwa amewaarifu wakubwa zake kwamba ghala limejaa hadi kwenye kenchi za paa. Wakubwa wakafurahi, wakaahidi kumleta mgeni mzito aje kuliona. Hapo ikatoka amri: ghala lisifunguliwe mpaka mgeni aje, alikute lilivyo. Mgeni akaahirisha. Akaahirisha tena. Masika yakaingia, akiba za nyumbani zikaisha, watu wakaanza kuuliza habari za mahindi yao. Katibu akawaomba wavumilie, njaa ya mtu mmoja mmoja isije ikaharibu sura ya kijiji kizima. Mama Zaina alimwendea mara kwa mara kumwambia kwamba ukiweka sikio ukutani unasikia ghala linachakacha. Katibu akamjibu kwamba mgeni hatakuja na masikio, atakuja na macho.

Lilifunguliwa siku mgeni alipoahidi tena, ili lipakwe chokaa ndani. Mwanamume mmoja alilinyanyua gunia kwa nguvu ya kunyanyulia mahindi, akaanguka chali nalo, maana lilikuwa jepesi kama la pamba. Magunia yote yalisimama vizuri, yamepangwa hadi juu, na yote yalikuwa na maganda matupu na vumbi. Katibu alitia mkono ndani, akatoa vumbi, akalitazama, kisha akautazama ufunguo kiunoni mwa Mama Zaina. Akasema hii ni pumba. Mahindi yameibwa, magunia yamejazwa pumba, na mwenye ufunguo ni mmoja. Halmashauri ya kijiji ingekaa kuthibitisha, kisha Mama Zaina angepelekwa Handeni kujibu shtaka la kuhujumu chakula cha umma. Kila mtu alijua kwamba waliopelekwa kwa shtaka hilo hawakurudi kulea watoto wao upesi.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Semboja, alikuwa Mzigua wa pale pale, mtu wa swala tano na maneno machache. Yeye hakuamini habari ya pumba. Lakini hakuwa na ubavu wa kumpinga Katibu kwa mdomo mtupu, ndipo akatuma ujumbe ofisini kwetu aletwe yule kijana wa wadudu.

Nikafika. Fukusi walikuwa hata kwenye kuta. Fukusi ana tabia moja: ukimgusa anakunja miguu, anajifanya amekufa, na atabaki hivyo mpaka ahisi umemsahau. Baadaye nimeiona tabia hiyo kwenye vikao vingi. Nilimsubiri mmoja akaamka, nikampiga akiwa anaingia ndani ya punje, mkia nje.

Nilileta kwanza picha ndogo. Katibu aliishika mbali na uso, mkono umenyooka, akasema kidudu hiki hakifikii hata punje ya ulezi, hakiwezi kumaliza ghala. Nikarudi Korogwe, nikaingia chumba cha giza cha Mzee Ngonyani, nikaikuza picha ile ile mpaka fukusi akalingana na paka. Safari hii Katibu alisogea nyuma. Akasema mnyama mkubwa hivi asingeweza kuishi kijijini bila mgambo kumwona. Wakaitwa mgambo, wakalizunguka ghala na marungu, wakatafuta hadi nyuma ya choo. Hawakumwona. Ikathibitika kwamba hayupo.

Nilieleza kwamba ni yule yule, wa picha ndogo ndiye wa picha kubwa. Katibu alinisikiliza kwa subira, akanijibu kwamba shahidi anayebadilika ukubwa kila anapoitwa haaminiki. Niliondoka nikicheka peke yangu. Mbele ya ofisi nikamkuta Mama Zaina amekaa kizingitini, mgambo mmoja pembeni yake, na binti yake Zaina amemletea uji uliopikwa kwa yale maganda. Ulikuwa wa kijivu. Alinikaribisha uji ule kama desturi inavyotaka, na mimi nikaupokea, nikanywa. Kicheko kilinitoka mwilini. Nilishikwa na hasira ambayo mpaka leo sijapata pa kuitua.

Basi nikafanya kile ambacho ningepaswa kufanya tangu mwanzo, na ambacho ninyi mnakifanya bila kufikiri: nikaweka pembeni ya mdudu kitu ambacho kila mtu anakijua ukubwa wake. Rula hapana, maana rula waliijua watoto wa shule tu. Shilingi kila mtu anaijua, hasa asiyekuwa nayo. Mzee Semboja akanikopesha ya kwake. Nikailaza mezani upande wa mwenge ukiwa juu, kwa sababu mistari ya mwenge inapokea mwanga vizuri. Mzee akashtuka.

"Mwanangu," akasema, "unamlaza mkuu wa nchi kifudifudi?"

Akaigeuza kwa vidole viwili, taratibu, akaifuta kwa kanzu yake, na kichwa cha mkuu wa nchi kikawa juu. Sikubisha. Hakuna aliyekuwepo mle ndani ambaye angebisha. Hiyo ndiyo heshima tuliyolelewa nayo, na mtu mwenye adabu huwezi kumtilia shaka anapokugeuzia sarafu.

Fukusi nilimtoa mtungini akiwa amepoa, nikamweka mezani karibu na shilingi, nikavuta mivukuto. Alilala kama kawaida yake. Kisha akaamka, na badala ya kubaki mahali nilipomweka akaanza safari. Akapanda ukingo wa sarafu, akapita shingoni, akapanda juu polepole kama mtu mwenye miadi. Nikapiga, akatikisika. Nikapiga tena, upepo ukaingia dirishani. Filamu ilikuwa inakwisha, na nyingine isingepatikana kabla ya kikao. Mwishowe alisimama, akatulia kabisa, nikaiacha pumzi ndani nikapiga ya mwisho.

Kwa Mzee Ngonyani tuliitazama ikijitokeza ndani ya dawa, chini ya taa nyekundu. Zile za kwanza zilikuwa ukungu mtupu. Ya mwisho ilikuwa safi mpaka vinyweleo vya miguu. Fukusi alikuwa amesimama sikioni kwa mkuu wa nchi, mkonga ameuingiza kwenye tundu la sikio, kama anayemnong'oneza jambo. Mzee Ngonyani aliinama akaitazama kwa karibu.

"Hii ndiyo picha bora uliyopata kupiga," akasema. "Ichome."

Nilitaka kuichoma. Lakini kikao kilikuwa kesho yake, picha nyingine sikuwa nayo, na Mama Zaina hakuwa na mtetezi mwingine. Nikaikausha, nikaitia kwenye bahasha, nikapanda lori la mkonge asubuhi.

Kikao kilifanyika kwenye darasa la elimu ya watu wazima, na kijiji kizima kilikuja, waliokosa nafasi wakasimama madirishani. Picha ikapita mkono hadi mkono. Safari hii hakukuwa na ubishi wa ukubwa. Bibi mmoja aliitazama, akaangua kicheko, akasema kumbe ni haka haka ka kwetu, kanakokaa kwenye kunde zake. Wengine wakaitikia. Nikaona mabega ya Mama Zaina yanashuka kidogo, na mimi nikaanza kupumua. Kisha picha ikafika kwa mzee mmoja wa safu ya nyuma, akaisogeza karibu na jicho, akasema bila nia mbaya kwamba huyu anamnong'oneza.

Katibu akaitaka picha, akaishika mbali kama kawaida yake, akaikodolea.

"Anamwambia nini?" akauliza.

Wote tulijua. Kama fukusi yule alikuwa na neno la kumwambia mkuu wa nchi, lilikuwa moja tu: ghala uliloambiwa limejaa, tumelimaliza. Nadhani Katibu alilisikia kuliko sisi sote. Rangi ilimbadilika. Akanigeukia, akataka kujua ni nani aliyeruhusu mdudu kufika pale. Nikasema alikwenda mwenyewe. Akauliza kwa nini sikumzuia. Nikasema kazi yangu ni kupiga picha. Akasimama, akatangaza kwa ile sauti yake nzuri kwamba fukusi wa ghala la kijiji hiki, akisaidiwa na mpiga picha, amemdhalilisha mkuu wa nchi, na kwamba jambo hili atalifikisha juu yeye mwenyewe.

Mama Zaina akanyoosha mkono. Mwenyekiti akamruhusu.

"Ndugu Katibu, naomba kuelewa. Huyo fukusi ametoka ghala gani?"

"Ghala hili hili. Mpiga picha mwenyewe amekiri."

"Nashukuru," Mama Zaina akasema. "Juzi ulisema hayupo, ndiyo maana mimi nikawa mwizi. Leo yupo, na kesi anayo. Sasa tuchague. Kama yupo, mimi niende nikapike."

Ningeweza kumwonea Katibu huruma kama nisingekumbuka ule uji. Akisema fukusi hayupo, hakuna aliyemdhalilisha mtu, na mimi ninakwenda zangu. Akisema yupo, mahindi yameliwa, na Mama Zaina anakwenda zake. Wawili hakuweza kutushika. Mzee Semboja, ambaye muda wote alikuwa ameinamisha kichwa kama aliyesinzia, akasema kwa utaratibu kabisa kwamba jambo limefika mahali pa kupigiwa kura, na kwamba wanaokubali fukusi yupo wanyooshe mikono. Mikono ikanyooshwa, ya ndani na ya madirishani. Katibu akatazama huku na huku, na kwa kuwa alikuwa hajawahi kubaki upande wa wachache tangu aingie kwenye uongozi, naye akanyoosha. Ni kikao pekee nilichopata kuhudhuria ambapo mdudu alipigiwa kura ya kuwepo. Alipita bila kupingwa.

Mama Zaina alifungua ufunguo kiunoni, akauweka mezani mbele ya Katibu, akamshika binti yake mkono. Akinipita mlangoni alisimama.

"Kesi yangu umeibeba wewe, mwanangu," akasema. "Mungu ndiye atakayekulipa, maana hawa hawatakulipa."

Katika hilo hakukosea. Mahindi hayakurudi. Mwaka ule Kijiji cha Mfano kilikula mahindi ya njano ya msaada, yaliyowaumiza watu matumbo, na kwa mtoto wa jirani yake Mama Zaina yalifika yakiwa yamechelewa. Nimelizunguka jambo hilo kwa mizaha katika ukurasa huu kwa sababu ndivyo ninavyoweza kulisema, lakini halikuwa mzaha. Mgeni hakuja. Na mimi nikahamishwa kwa manufaa ya umma, ingawa umma haukuulizwa, nikapelekwa hospitali ya Korogwe kupiga picha za macho ya wagonjwa, mahali ambapo, kwa maneno ya aliyeniita kunipa habari, hakuna mdudu wa kunitia majaribuni.

Huko ndiko mlikonikuta. Jicho ni kazi ya mivukuto ile ile, ila mwenye jicho anakuogopa. Nilipiga zaidi vikope, ule ugonjwa unaogeuza kope ndani mpaka zikaikwangua mboni, na watu walikuja kutoka mpaka Mashewa wakishikwa mkono na wajukuu. Nawakumbusha: ukope haugeuzwi kabla hujamwamkia mtu na kumuuliza habari za nyumbani. Sema shikamoo, kisha sema utakachofanya, kisha fanya. Na mtajiona wenyewe ndani ya jicho, kila mara, mmeinama na kamera, wadogo. Msijaribu kujiondoa kwa ujanja wa taa. Mgonjwa anakuona mzima mzima, wewe nawe jione kidogo.

Miaka ikapita. Asubuhi moja aliingia mzee aliyeshikwa mkono na mkewe, suti ya mikono mifupi imepauka lakini imepigwa pasi. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, weupe kama maji ya mchele. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za nyumbani. Sauti ilikuwa bado nzuri. Aliniuliza kama mimi ndiye yule wa fukusi, nikasema ndiye. Mkewe akatutazama mmoja baada ya mwingine bila kuelewa.

"Mama Zaina yu hai?" akauliza.

"Yu hai. Mahindi yake anaweka darini."

Akatikisa kichwa polepole. Akasema yule mgeni alimsubiri miaka mingi hata baada ya kuacha kazi, kila akisikia gari alivaa viatu. Alilisema hilo kama mtu anayetaja ugonjwa wake kwa daktari, bila kujitetea, na mimi nilijikuta sina neno la ukali nililokuwa nimemtunzia siku zote hizo. Nikamketisha kwenye kiti, nikamsogezea kidevu mahali pake, nikatoa sarafu ya kupimia nikaiweka mezani. Akasikia ikigonga.

"Nini hicho?"

"Senti hamsini, mzee. Ya kuonyesha ukubwa wa jicho."

Akanyoosha kiganja nikampa. Aliipapasa kwa kidole gumba, kwa makini, upande wa kichwa cha mkuu wa nchi, kisha upande wa pili. Kidole kilipofika kwenye masikio marefu ya sungura kikatulia. Akaigeuza mpaka sungura akanitazama, akaishikilia mwenyewe chini ya jicho lake.

"Hivi ni salama," akasema. "Piga, ndugu yangu."

Nikaiacha pumzi ndani, nikapiga.